Vilima Vilivyofichwa Katika Rejesta: Histogramu kutoka Kidato cha Pili hadi Wodi ya Wazazi Mkoani Katavi

Katika shule za sekondari za Mpanda, kama ilivyo kwingineko nchini, histogramu imezoeleka kufundishwa kidato cha pili ndani ya mada ya takwimu. Mwanafunzi huchora mistari miwili, mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama. Huyapanga maksi ya darasa lake katika makundi ya kumi kumi. Hupandisha mihimili kwa rula na penseli, kisha hufunga daftari. Wengi hawaukumbuki tena mchoro huo baada ya mtihani wa taifa. Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wanaolifaulu wamekuwa robo tu au pungufu, na wengi wa wanaobaki nyuma huondoka wakiamini kwamba mambo yale yalikuwa ya mwalimu wa hesabu, si ya maisha.

Baadhi yao huwa wauguzi, wakunga, matabibu na mafundi sanifu wa maabara. Hapo hukutana na mchoro uleule bila kuutambua. Umo katika karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupima damu. Umo pia, ingawa hakuna aliyeuchora, ndani ya kitabu cha MTUHA namba 12, ambacho wodi ya wazazi huandikia kila uzazi, siku kwa siku, pamoja na uzito wa kila mtoto.

Kabla ya kukifungua kitabu hicho, yafaa kuondoa mkanganyiko mmoja ambao hata vitabu vya ziada vya shule huuacha ukining'inia. Histogramu si grafu ya mihimili ya kawaida. Mtu akichora idadi ya wagonjwa waliotoka Katumba, Mishamo, Karema na Inyonga, anaweza kuihamisha mihimili apendavyo. Karema ikitangulia au ikifuata, habari haibadiliki, na kati ya mhimili na mhimili huachwa nafasi. Katika histogramu, mstari wa chini ni kipimo chenye mpangilio wake: gramu, miaka, siku, ujazo wa chembe. Gramu 2,400 haiwezi kuhamia ng'ambo ya 2,900. Kwa sababu hiyo mihimili hugusana, na kinachosomwa si urefu wa mhimili mmoja mmoja bali umbo zima: kilima kina vilele vingapi, mteremko upi ni mrefu, wapi pana bonde lisilotarajiwa. Mwingereza Karl Pearson ndiye aliyeupa mchoro huu jina lake katika miaka ya 1890, lakini jambo lenyewe halihitaji jina la kigeni ili lieleweke. Ni namna ya kuliona kundi zima kwa jicho moja badala ya kuliita kwa wastani.

Sasa kitabu kifunguliwe. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba zahanati na vituo vichache vya afya vimeandika vizazi hai 200, na uzito umeandikwa kwa kilo yenye desimali moja. Walioandikwa kilo 2.4 ni watatu. Walioandikwa 2.5 ni 23. Walioandikwa 2.6 ni tisa. Baada ya hapo mihimili hupanda polepole, 13 kisha 18, hushuka hadi 10 kwenye kilo 2.9, halafu hurukia 41 kwenye kilo 3.0 na kurudi 12 kwenye 3.1. Kwenye kilo 3.5 mhimili hupanda tena hadi 21, ingawa jirani yake wa 3.4 ana wanane tu.

Namba hizi ni za mfano, lakini umbo lake si la kubuni. Yeyote aliyewahi kuketi na rejesta ya uzazi katika nchi zetu amekutana nalo: minara kwenye 2.5, 3.0 na 3.5, na mabonde pembeni. Watoto hawazaliwi hivyo. Maumbile hutoa kilima kimoja chenye miteremko laini. Minara hiyo imejengwa na mkono ulioshika kalamu.

Kulaumu mkono huo ni rahisi, ila si haki. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliokua kwa kasi hiyo katika kipindi hicho. Wodi za wazazi, mizani na wakunga havikuzidishwa mara mbili kwa mwendo uleule. Mkunga aliye peke yake usiku, mama mmoja akivuja damu na mwingine akisukuma, huutazama mshale wa mzani ukitikisika kati ya mistari miwili na kuandika namba iliyo karibu na iliyo rahisi. Na pale ambapo mzani uliopo ni ule wa kuning'inia wa kliniki ya watoto, wenye alama za gramu mia mia, hata mkunga makini hana namna ya kuona gramu 2,460.

Tatizo ni mahali mnara wa kwanza ulipojengwa. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Mnara umesimama juu ya mpaka wenyewe, upande wa salama. Kwa rejesta ya mfano, walio chini ya kilo 2.5 ni 11 kati ya 200, yaani asilimia 5.5. Wataalamu wa takwimu wanaujua mchezo huu wa namba, na katika tafiti za kaya wamezoea kumhesabu mmoja kati ya kila wanne walioandikwa gramu 2,500 kamili kuwa alikuwa pungufu kweli. Robo ya 23 ni takribani sita. Wenye uzito pungufu huwa 17, na asilimia hupanda hadi 8.5.

Hesabu hiyo huisaidia wizara kupanga bajeti. Haimsaidii hata mmoja kati ya wale sita. Yeye ameshaandikwa 2.5, ameshavikwa nguo, mama yake ameshaambiwa mtoto yuko sawa, na pengine kesho yake wamepanda pikipiki kurudi kijijini. Mtoto mwenye uzito pungufu huhitaji kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, tena tangu mapema baada ya kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani lilivyosisitiza katika mwongozo wake wa mwaka 2022. Huhitaji kuangaliwa joto, kunyonyeshwa mara kwa mara au kukamuliwa maziwa, na kurudishwa kupimwa upesi. Yote hayo huanzia kwenye namba moja iliyoandikwa kwenye kadi. Gramu 60 zilizoongezwa kwa wema au kwa haraka zinaweza kumwondoa mtoto njiti katika orodha ya wanaofuatiliwa.

Hapa lipo funzo la pili, ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili hufundishwa kama kanuni kavu: uchaguzi wa upana wa makundi. Afisa wa takwimu akiamua kuwapanga watoto hao 200 kwa makundi ya nusu kilo, atapata 11 walio chini ya 2.5, 73 kati ya 2.5 na 2.9, 89 kati ya 3.0 na 3.4, na 27 wa kuanzia 3.5. Kilima kizuri, chenye kilele kimoja, cha kupendeza kwenye taarifa ya robo mwaka. Minara yote mitatu imemezwa, kwa kuwa kila mmoja umeangukia mwanzoni mwa kundi lake. Hakuna aliyedanganya. Makundi tu yalikuwa mapana kuliko kosa lililokuwa likitafutwa.

Upana wa makundi huleta mtego mwingine, nao unaugusa mkoa huu kwa uchungu zaidi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba katika Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Katavi ikawa ya kwanza, na tarakimu hiyo ikarudiwa katika mikutano na magazeti hadi ikawa kama jina la pili la mkoa. Utafiti uliofuata, wa 2022, ulionyesha wastani wa taifa ukishuka hadi asilimia 22, na Katavi ikiwa bado juu yake.

Lakini kundi la miaka 15 hadi 19 ni nyumba yenye vyumba vitano. Kitaifa, utafiti uleule wa 2015-16 ulionyesha kwamba walioanza uzazi ni asilimia 4 kwa wenye miaka 15 na asilimia 57 kwa wenye miaka 19. (Mchoro wa asilimia hizo, kwa haki, si histogramu kamili, maana kila mhimili hupima sehemu ya umri wake wenyewe, hata hivyo jicho linalousoma ni lilelile.) Binti wa miaka 15 ambaye nyonga yake haijakomaa na mwanamke wa miaka 19 wana hatari tofauti za kifafa cha mimba, uzazi pingamizi na kujifungua kabla ya wakati, tena mahitaji yao mbele ya shule na mbele ya sheria si mamoja. Tarakimu moja ya 45 huwavalisha vazi moja.

Kisha yako makundi yasiyolingana. Ichukuliwe kliniki ya wajawazito iliyowaandikisha wateja wapya 300: wenye miaka 15 hadi 19 ni 90, wa 20 hadi 34 ni 180, wa 35 hadi 49 ni 30. Mara nyingi ubaoni huchorwa mihimili mitatu yenye upana sawa, na anayeangalia huona kwamba wa katikati ni mara mbili ya wa kwanza. Basi juhudi zinaelekezwa kwao. Mwalimu wa hisabati angemrudishia mchoraji daftari lake. Kundi la kwanza lina miaka mitano, la pili kumi na mitano. Katika histogramu iliyo sahihi kinachowakilisha idadi ni eneo la mhimili, si urefu wake, hivyo idadi hugawanywa kwa upana: 90 kwa 5 ni 18 kwa kila mwaka wa umri, 180 kwa 15 ni 12, 30 kwa 15 ni 2. Mhimili mrefu kuliko yote sasa ni wa wasichana. Kliniki ileile, wateja walewale, na picha imegeuka. Katika mitihani, kosa hili humgharimu mwanafunzi maksi mbili au tatu. Katika kikao cha timu ya usimamizi wa afya ya wilaya linaweza kuamua ni wapi fedha za mwaka zitapelekwa.

Umri wenyewe nao una minara yake. Rejesta nyingi huonyesha akina mama wengi wa miaka 20, 25 na 30 kuliko wa 21, 24 na 29, kwa sababu si kila mtu ana cheti cha kuzaliwa. Ila mnara unaochomoza kwenye 18 au 20 huenda una sababu nyingine zaidi ya kukadiria. Kisheria, kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida ni kosa, na anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Binti aliyeletwa kliniki na mume au mama mkwe, huku miaka yake ikiwa 16, ana sababu ya kutaja 18, na mhudumu ana sababu ya kutomuuliza mara ya pili. Histogramu haiwezi kumtaja aliyedanganya wala aliyedanganywa. Huonyesha tu kwamba mahali fulani pamejaa kupita kiasi, na kwamba jirani yake wa kushoto pamekuwa patupu.

Vilima vya maabara havihitaji kuchorwa na mtu. Mgonjwa aliyefanyiwa kipimo ambacho watu wa maabara hukiita FBP, na wengi hukiita picha ya damu, hupewa karatasi yenye safu za namba na, pembeni au chini, vilima vidogo viwili au vitatu. Wengi huvidhania kuwa mapambo. Ni histogramu: mashine imezipitisha chembe za damu kwenye tundu dogo, imekadiria ujazo wa kila moja kwa femtolita, na imezipanga kuanzia ndogo hadi kubwa.

Kilima cha chembe nyekundu za mtu mzima mwenye afya husimama kati ya femtolita 80 na 100, chembamba, chenye kilele kimoja. Kikisogea kushoto, chembe zimekuwa ndogo, kama inavyotokea mtu anapokosa madini ya chuma. Kikitanuka, chembe hazilingani. Na kinapogawanyika vilele viwili, habari huwa nono zaidi. Mathalani, mtu mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu ameongezewa damu: nusu ya chembe zake ni zile ndogo za mwanzo, tuseme za femtolita 65, na nusu ni za mchangiaji, za 90. Wastani utakuwa 77.5, chini kidogo tu ya mpaka, na daktari mwenye haraka ataandika kwamba upungufu ni wa kiasi. Lakini 77.5 si kilele cha kundi lolote kati ya hayo mawili. Wastani umeyaficha makundi yote mawili. Kilima chenye vilele viwili kimeeleza mgonjwa alipotoka. Katika mkoa ambako malaria huwaletea watoto upungufu wa damu hadi wengine wakahitaji kuongezewa, karatasi za namna hii si adimu.

Kilima cha chembe nyeupe nacho kinastahili kuangaliwa mguu wake wa kushoto. Kabla ya kuzihesabu, mashine huzipasua chembe nyekundu kwa dawa. Mguu wa kilima ukianza juu badala ya chini kabisa, kuna vitu vimepenya: huenda ni chembe nyekundu changa zenye kiini, zionekanazo mara nyingi kwa wagonjwa wa selimundu, au chembe sahani zilizogandamana. Mashine huvihesabu kana kwamba ni chembe nyeupe. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuandikiwa chembe nyeupe nyingi mno na kupewa dawa za maambukizi asiyo nayo. Mwingine anaweza kuonekana ana chembe sahani chache, kumbe zimeshikana tu ndani ya chupa. Fundi sanifu aliyeutazama mguu wa kilima hataitoa karatasi hiyo kabla ya kuandaa kioo na kukitazama kwa hadubini, au kuomba damu nyingine. Namba pekee isingemwambia afanye hivyo.

Kikwazo kimoja hakisemwi sana, nacho ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi husoma grafu kwa Kiswahili. Akiingia sekondari mada ileile humjia kwa Kiingereza, na chuo cha afya huendelea hukohuko. Siku akisimama mbele ya mama aliyetoka Mishamo na karatasi mkononi, hana maneno ya kueleza kilima, na mama huishia kuambiwa "damu imepungua kidogo". Neno "kilima" linatosha kwa wote wawili.

Wala si lazima kuwa na kompyuta. Vituo vimezoea karatasi za tali, vijiti vinne na cha tano kikivikata. Karatasi ya tali ikigeuzwa ubavu, vijiti vikisimama juu ya kila kundi, histogramu imeshapatikana. Wodi ya wazazi inaweza kubandika ukutani karatasi ya miraba, chini yake gramu kwa hatua za mia moja, na kila mtoto anapopimwa mkunga ajaze mraba mmoja kwa penseli. Haichukui hata dakika. Kabla ya mwezi kuisha, mnara wa 2.5 utakuwa umejitokeza mbele ya macho ya walioujenga, bila msimamizi kuja na fomu ya lawama, na swali la kwanza litakuwa kuhusu mzani: je, unasoma gramu ngapi ngapi, na lini mara ya mwisho ulirekebishwa kwenye sifuri?

Mama aliyejifungua naye hazuiwi kuuliza. "Nesi, mzani umesoma ngapi hasa?" Na jibu likiwa, "Mbili nukta nne, mama," basi liandikwe 2.4 kwenye kadi na kwenye kitabu, mraba ujazwe upande wa kushoto wa mpaka, na mtoto afunguliwe nguo awekwe kifuani.